Debe Lililozibwa kwa Gunzi

Kibondo,
14 Desemba 1975

Mpendwa Baba Mdogo Hilali,

Assalaam alaikum. Nakusalimu wewe, Mama Mdogo Shamsia na wadogo zangu wote. Sisi huku ni wazima. Mama yumo ndani na eda yake. Ana vikombe viwili, na kila asubuhi anahamisha punje moja ya mahindi kutoka kimoja kwenda kingine. Leo zimehama thelathini na mbili. Mvua haikatiki na maharage ya nyuma ya nyumba yameanza kuoza yakiwa shambani.

Baba Mdogo, siku ya hitma ulisema kwamba duka haliwezi kuendelea bila gari la kufuata bidhaa Kasulu. Ukasema eda ikiisha na gari la Baba, ile Pijo, halijatembea, utaleta lori, duka lifungwe, tuhamie kwako. Siku ile sikusema kitu. Unanijua, mbele za watu maneno hayatoki. Kwenye karatasi naweza, kwa hiyo naandika: mimi na Mama tungependa kubaki Kibondo.

Fundi wa hapa alikuja kuangalia gari. Alisema injini imekufa, kisha akasema yuko tayari kutusaidia kuliondoa. Mama alimjibu akiwa nyuma ya pazia kwamba asante, halijaanza kunuka. Lakini kwa kweli linanuka. Limesimama bandani tangu Baba alipoanza kuugua, miaka miwili sasa, na ukifungua kifuniko cha tangi unapata harufu ya rangi iliyosahauliwa wazi.

Naomba uje. Kama huwezi, niandikie la kufanya hatua kwa hatua. Venanti, anayetuuzia dukani, ana leseni ya udereva, lakini ufundi hajui.

Mimi binti yako,
Mwanaamina Gharibu


Kasulu,
27 Desemba 1975

Mwanangu Mwanaamina,

Waalaikum salaam. Barua yako imefika na matope ya njia ya Makere juu yake. Mama yako Mdogo anawasalimu. Mtoto wetu wa mwisho ameota meno mawili na anauma kila kitu. Mpe shemeji salamu zangu, mwambie namwombea subira.

Kuja siwezi. Gereji ina kazi nyingi.

Injini haijakufa. Kilichokufa ni petroli. Petroli ikikaa miaka miwili huchacha, inakuwa gundi, na gundi hiyo ikiingia kwenye kabureta hata mimi nitakaa siku nzima nikizungusha hendeli bure. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, toa petroli yote ya zamani.

Sukumeni gari nje ya banda, mahali penye upepo. Moto usiwepo karibu, hata wa jikoni. Fungua kifuniko cha tangi kwanza ili tangi lipumue. Chini ya tangi kuna nati moja pekee iliyo katikati. Inafunguliwa kwa spana namba kumi na saba. Weka karai chini yake. Nati ikigoma usiipige kwa nyundo, chuma kwa chuma hutoa cheche. Igonge kwa kipande cha mti. Usinyonye petroli kwa mpira na mdomo, nimemwona mtu mzima akilazwa kwa ajili hiyo. Petroli ikiisha kutoka, acha nati wazi mpaka kesho yake.

Namtuma Stanislaus, dereva wa lori, akuletee galoni moja ya petroli mpya. Ni ngumu kupatikana, usiichezee. Suuza tangi kwa nusu yake, mara mbili, mpaka kutu isitoke. Ukifika hapo niandikie.

Hilali


Kasulu,
6 Januari 1976

Mwanaamina,

Haraka tu, lori linaondoka. Kuna jambo nililisahau. Petroli ya zamani usiitie kwenye debe lolote la dukani. Chimba shimo mbali na nyumba na kisima, uimwage humo. Bakiza kikombe kimoja cha kuoshea nati.

Hilali


Kibondo,
11 Januari 1976

Mpendwa Baba Mdogo,

Assalaam alaikum. Natumaini meno ya mdogo wangu yameongezeka. Mama hajambo. Amepata mafua lakini anakunywa maji ya tangawizi. Venanti yupo, na ugoro wake kama kawaida. Mwalimu Renatus, yule wa kutoka Bukoba anayefundisha darasa la saba, anaumwa mkono kidogo.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Juzi Ijumaa tulisukuma gari nje, mimi na Venanti na wapita njia wawili. Nati iligoma. Venanti aliigonga kwa mchi wa kinu, ikakubali, akarudi dukani kwa sababu wateja walikuwa wanaita. Nikabaki mwenyewe. Petroli ilitoka rangi ya chai iliyochemshwa mara tatu, na vipande vya kutu kama maganda ya vitunguu. Ilitoka kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiri, karai likajaa mara mbili. Mikono yangu inanuka mpaka leo, hata ugali naula kwa kijiko.

Stanislaus ameleta galoni. Tangi limesuuzwa mara mbili. Mara ya pili petroli imetoka safi.

Naomba hatua inayofuata.

Mimi binti yako,
Mwanaamina


Kasulu,
25 Januari 1976

Mwanangu Mwanaamina,

Waalaikum salaam. Huku tu wazima isipokuwa bei ya sabuni. Umefanya kazi nzuri. Vijana wangu wawili hapa gereji wangeigonga nati ile kwa nyundo.

Sasa fungua bomba linaloingia kwenye pampu. Chini ya pampu kuna kikombe kidogo cha kioo, kitoe, kioshe. Kisha kabureta. Matundu yake yapulize kwa mdomo, usichokoe kwa pini, ukilipanua tundu umeliharibu. Kila kitu ukitoacho kipange juu ya kitambaa kwa mfuatano, ili ukirudishe kwa kuanzia nyuma.

Nina maswali mawili. Barua yangu ya tarehe 6 uliipata? Na petroli ya zamani uliitia wapi?

Huyo Mwalimu mkono wake umefanya nini?

Hilali


Kibondo,
3 Februari 1976

Mpendwa Baba Mdogo,

Assalaam alaikum. Mama amepona mafua. Tumevuna mahindi mabichi ya kwanza. Mama Mdogo Shamsia mwambie kitambaa alichoomba hakijafika, na kikifika nitamwekea.

Kikombe cha kioo kilikuwa na ute mweusi chini yake. Nimekiosha. Kabureta nimeifungua juu ya shuka jeupe la zamani na kupanga kila kitu kwa mstari, nikachora kwenye daftari kabla ya kugusa. Matundu mawili yalikuwa yameziba. Nimepuliza mpaka masikio yakauma. Nimerudisha vyote, na hakuna kilichobaki mkononi.

Barua yako ya tarehe 6 ilifika tarehe 19. Stanislaus anasema lori lilikwama Makere siku nne, kisha likapelekwa kwingine.

Petroli ya zamani haipo tena.

Mwalimu Renatus anaendelea vizuri.

Mimi binti yako,
Mwanaamina


Kasulu,
15 Februari 1976

Mwanaamina,

Salaam. Huku hatujambo.

Umenijibu yote ila nililouliza.

Nimezungumza na mwenye lori. Tarehe 22 Machi ana nafasi.

Hilali


Kibondo,
24 Februari 1976

Mpendwa Baba Mdogo,

Assalaam alaikum. Salamu kwa wote nyumbani. Sisi tu wazima.

Sasa nakujibu ulichouliza.

Unajua desturi ya duka letu. Madebe yote yanafanana, na Baba hakutaka kuyaandika kwa sababu si kila aliyemsaidia kupima anajua kusoma. Debe la mafuta ya taa huzibwa kwa gunzi la muhindi. Debe la mafuta ya kula huzibwa kwa kitambaa. Nimekulia humo na najua hilo kama jina langu. Lakini Ijumaa ile, nilipomaliza kuimimina petroli kutoka kwenye karai, nilitafuta cha kuzibia debe ili harufu isimfikie Mama chumbani, na kwenye dirisha la jikoni palikuwa na gunzi. Nikalichukua. Debe nikaliweka stoo mpaka nikuulize nini cha kufanya nalo. Sikumwambia Venanti. Kusema kweli, sikuona kwamba kuna cha kumwambia.

Jumamosi nilikwenda mtoni kufua. Mafuta ya taa dukani yakaisha. Venanti akaenda stoo, akaona gunzi, akamshukuru Mungu. Yeye hanusi kitu chochote zaidi ya ugoro wake, na yale mafuta ya taa ya mwezi uliopita nayo yalikuwa na rangi ya chai kwa sababu ya kutu ya pipa. Niliporudi ilikuwa alasiri imekwisha, mawingu yamefunga. Alinieleza kwa furaha kwamba tulikuwa na debe zima na hatukujua, na kwamba ameshauza chupa tatu.

Nilimuuliza kauzia nani. Bi Philomena, nesi wa zahanati. Mwalimu Renatus. Na Mzee Ndihokubwayo, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya bonde, juu mlimani.

Niliingia kwa Mama. Nilitaka aniambie la kufanya, au amtume Venanti. Venanti ana mguu mmoja mbovu, unamjua. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafika kwenye kizingiti na kusimama hapo.

"Mimi eda imenishika," alisema. "Wewe umeshikwa na nini?"

Nikakimbia.

Bi Philomena alikuwa hajagusa chupa yake. Alinusa, akanipa, akaanza kuuliza, lakini nilikuwa nimeshatoka.

Kwa Mwalimu nilichelewa. Chumba chake ni cha giza na mvua ilikuwa inakuja, akawasha koroboi mapema ili asahihishe madaftari. Nilimkuta uani, mkono wa kulia ndani ya ndoo ya maji, nyusi hazipo, na madaftari yanatoa moshi kwenye matope. Nilisimama tu. Nilianza kulia. Alinitazama akasema, "Usisimame hapa kunililia. Nani mwingine ana chupa?"

Nikamwambia. Akatazama ng'ambo ya bonde, nami nikatazama. Chini ya mawingu jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole viwili. Kushuka bondeni na kupanda ni mwendo wa saa nzima, na mto ulikuwa umejaa. Akaniambia kwamba hapa miguu haitoshi, nipige induru.

Baba Mdogo, unajua induru ya huku. Ni ukelele wa mwizi, wa moto au wa mnyama mkali, na akiupiga mtu wa hapa mlima mzima hutoka. Sijawahi kuupiga. Shuleni nilikuwa nikijibu maswali kwa sauti ambayo mwalimu aliniomba nirudie mara tatu. Nilikwenda pale penye jiwe juu ya bonde na mara ya kwanza ikatoka kama paka. Mara ya pili ikatoka. Ikajibiwa. Watu walitoka na mapanga na mikuki, wakauliza kwa mbali ni nini, na nikapaza sauti kwa Kiha: msiwashe taa, mafuta ya duka la Gharibu ni petroli, mwambieni Ndihokubwayo asiwashe. Wa chini akampigia wa juu yake, wa juu akampigia mwingine, na maneno yakapanda mlima bila mimi.

Njiani jina lilipotea. Wakafikisha kwamba mtu yeyote asiwashe taa. Jioni ile tulikaa kwenye jiwe, mimi na Mwalimu, mkono wake umefungwa kwa kitambaa, tukatazama ng'ambo. Giza likaingia na mlima wote haukuwaka hata taa moja.

Asubuhi Mzee Ndihokubwayo alikuja mwenyewe na chupa. Mke wake alikuwa ameshatia koroboi, ameshika kijinga cha moto, ndipo jirani akaingia. Mzee aliiweka chupa chini. Akasema, "Gharibu aliniambia ana binti asiyesema. Jana nimemsikia mpaka kitandani." Kisha akaomba mafuta ya taa ya kweli, na nikamwambia hatuna.

Jumapili hiyo nilichimba shimo na kuimwaga yote. Ndiyo maana barua yako ilipofika tarehe 19 haikuwa na kazi tena. Halafu nikaketi nikakuandikia barua ile ya tarehe 11, na kila kitu nilichoandika kilikuwa kweli, isipokuwa nilikiacha hiki. Niliogopa kwamba ukisikia utasema duka limetushinda na utaleta lori.

Mkono wa Mwalimu ulichukua wiki tatu. Kwa wiki hizo nilikwenda shuleni kila asubuhi nikamwandikia ubaoni. Yeye anasema, mimi naandika. Watoto walinicheka siku mbili.

Nimelipaka debe lile rangi nyekundu na halitarudi dukani. Kama bado unaona tuhame, nitamwambia Mama mwenyewe, usimwandikie.

Mimi binti yako,
Mwanaamina


Kasulu,
6 Machi 1976

Mwanangu Mwanaamina,

Waalaikum salaam. Mtoto ana meno sita. Shamsia anakusalimu, na anasema ulale usingizi.

Nilijua. Stanislaus alinisimulia mwishoni mwa Januari, mpaka nyusi za Mwalimu. Kibondo nzima inajua. Nilikuwa nangoja nisikie kwako. Mtu akinificha jambo la petroli siwezi kumwachia duka wala gari, kwa sababu la pili lake litakuwa kubwa kuliko la kwanza. Nilipoisoma barua yako nilikwenda kwa mwenye lori nikamwambia nafasi ile ampe mwingine. Duka libaki. Kosa la debe tuligawane, kwani mimi ndiye niliyeandika kila kitu ila mahali pa kumwaga.

Sasa na mimi nina langu. Nilikuandikia kwamba gereji ina kazi nyingi. Tangu Desemba nimetengeneza baiskeli mbili na lori moja la misheni.

Mwaka 1969 nililichukua gari lile bila ruhusa ya baba yako. Nililipindua mtaroni Makere. Nikalirudisha usiku, nikamwambia kaka kwamba limegongwa likiwa limesimama. Nilishikilia uongo huo miezi mitano, mpaka mtu wa Makere alipokuja dukani kununua chumvi akauliza kama dereva alipona. Kaka hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliniambia, "Gari hili usiliguse tena, niwe hai au niwe nimekufa." Nikamwambia sawa. Yeye ndiye aliyenilea, na hilo ndilo jambo pekee aliloniwekea mpaka. Siku ya maziko nilipita mbele ya banda nikageuza uso.

Ndiyo maana nimelitengeneza kwa mikono yako.

Nimepata betri nyingine, nimeichaji, iko hapa, na petroli galoni tatu. Stanislaus anakuja huko tarehe 17, nitampa. Waya wenye alama nyekundu ufungwe kwanza. Venanti akiendesha, asivute ugoro kwenye kona.

Hilali


Kibondo,
13 Machi 1976

Mpendwa Baba Mdogo,

Assalaam alaikum. Wote tu wazima. Mahindi yamekauka, Mzee Ndihokubwayo ametuletea kikapu. Mwalimu Renatus nyusi zimeota, moja imetangulia nyingine. Stanislaus analala hapa Kibondo leo na kuondoka kesho, kwa hiyo barua hii itakufikia kabla hujampa mzigo.

Nilimsomea Mama barua yako. Nilimuuliza kama Baba aliwahi kukusamehe. Amesema Baba hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele yake, hata alipokuwa mgonjwa, na yeye hawezi kumsemea maiti. Nilidhani imeishia hapo. Lakini jana alimwita Maalim Omary wa chuo cha Kurani, akamuuliza akiwa nyuma ya pazia gari lile sasa ni la nani.

Maalim alieleza taratibu, na nimeandika. Baba aliacha mke, binti mmoja, na ndugu mmoja wa kiume, na wazazi wake walishatangulia. Katika kila alichoacha, Mama ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Mimi nina nusu. Kinachobaki baada ya hapo ni chako, Baba Mdogo. Mama akamuuliza kama neno la marehemu juu ya gari bado linamfunga mtu. Maalim akasema mali ya maiti ina wenyewe, na mwenye mali ndiye anayesema nani aiguse na nani asiiguse.

Gari liko nje ya banda. Tangi ni safi, kabureta ni safi, nati imekazwa na haivuji. Nimekagua kila asubuhi.

Kwenye kikombe cha Mama zimebaki punje sita. Eda inaisha Ijumaa.

Nusu yangu nakuruhusu uiguse. Mama anasema thumni yake pia anakuruhusu. Kilichobaki ni chako, na hicho sisi hatuwezi kukuruhusu.

Betri usimpe Stanislaus. Ilete mwenyewe.

Mimi binti yako,
Mwanaamina